Damu Nyekundu Peke Yake Haitoshi: Hewa Ukaa na Upasuaji wa Moyo

Katika familia nyingi za Dodoma, Singida na vijiji vya uwanda wa kati, habari ya upasuaji wa moyo huingia nyumbani kupitia karatasi moja tu: fomu ya ridhaa. Baba au mama hutakiwa atie saini kwamba mwanawe atafunguliwa kifua, moyo wake utasimamishwa kwa muda, na kazi ya moyo na mapafu itafanywa na mashine. Hapo ndipo maswali huja kwa mkupuo. Moyo ukisimama, mtu bado yu hai? Ni nani anayempumulia? Na ikiwa mashine ndiyo inayopumua, itajuaje mwili wa mtoto unahitaji pumzi kiasi gani?

Swali la mwisho ndilo lisiloulizwa sana, na ndilo lenye mambo mengi ya kujifunza. Wengi wetu tukisikia habari ya pumzi huwaza oksijeni. Tunajua kwamba bila oksijeni ubongo hufa katika dakika chache. Lakini pumzi ina nusu yake ya pili, nayo ni kutoa hewa chafu iliyozalishwa na mwili. Hewa hiyo ni kabonidayoksaidi, ambayo wengi huiita hewa ukaa. Mgonjwa aliye juu ya mashine ya moyo na mapafu anaweza kuwa na oksijeni tele, damu yake ikang'aa kwa wekundu, na bado ubongo wake ukawa hatarini kwa sababu hewa ukaa imepungua mno au imezidi mno. Makala hii inaeleza jambo hilo kwa lugha ya kawaida, ili mzazi anapoketi nje ya chumba cha upasuaji awe na ufahamu wa yanayotendeka ndani.

Safari ya mgonjwa wa kanda ya kati

Magonjwa yanayowafikisha watu wetu kwenye upasuaji wa aina hii ni makundi mawili makubwa. La kwanza ni kasoro za kuzaliwa nazo, kama tundu kati ya vyumba vya moyo. La pili ni uharibifu wa valvu, yaani vile vilango vidogo vinavyoruhusu damu iende mbele isirudi nyuma. Katika Afrika Mashariki uharibifu huu mara nyingi huanza utotoni kwa homa ya rumatiki, ambayo nayo hutokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Mtoto huumwa koo, hupona, na familia husahau. Miaka kadhaa baadaye kijana anashindwa kupanda ngazi, au mama mjamzito anakosa pumzi akilala chali.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa namna hiyo alikuwa na njia mbili: kupelekwa nje ya nchi, hasa India, au kuishi na maradhi yake mpaka mwisho. Mwaka 2008 upasuaji wa kufungua moyo ulianza kufanyika katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na mwaka 2015 ikaundwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Huko, pamoja na madaktari wa nyumbani, zimekuwa zikifika timu za wataalamu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, zikiwemo zile zinazoletwa na shirika la misaada la Muntada Aid la Uingereza, kwa ajili ya kuwatibu watoto. Dodoma nayo imepata Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015 karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwaka 2018 hospitali hiyo ilifanya upandikizaji wa figo, na huduma za kibingwa za moyo nazo zimejengwa hapo. Anayepewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam, tangu mwaka 2024 anaweza kusafiri kwa treni ya umeme badala ya kukaa kutwa nzima barabarani.

Kwa hiyo jambo lililokuwa la nchi za mbali sasa limekuwa jambo la jirani. Na kitu kikishakuwa cha jirani, inafaa tukijue.

Mashine inavyoshika kazi

Damu ya mwanadamu huzunguka katika njia mbili zilizoungana. Upande wa kulia wa moyo hupeleka damu mapafuni ikachukue oksijeni na kuacha hewa ukaa. Upande wa kushoto huipokea na kuisukuma mwilini kote. Wasomaji watafurahi kujua kwamba mtu wa kwanza anayejulikana kuieleza vyema njia hiyo ya kupitia mapafuni ni tabibu wa Kiislamu, Ibn al-Nafis, aliyesoma Damascus na kuishi Cairo hadi alipofariki mwaka 1288. Katika sharhi yake ya mwaka 1242 juu ya kazi ya Ibn Sina, alipinga kauli ya Galen iliyokuwa imeshika mizizi kwa zaidi ya miaka elfu moja, kwamba damu hupenya katika vitundu kwenye ukuta wa katikati ya moyo. Ukuta ule hauna vitundu, alisema. Damu lazima ipite mapafuni. Huyu alikuwa pia mwanachuoni wa fiqhi ya madhehebu ya Shafii. Maandishi yake hayakujulikana sana na watafiti wa Ulaya hadi mwaka 1924, daktari wa Kimisri aitwaye al-Tatawi alipoyafichua alipokuwa akisoma Ujerumani.

Mashine ya moyo na mapafu imejengwa juu ya elimu hiyohiyo. Mirija huingizwa kwenye mishipa mikubwa iliyo karibu na moyo. Damu iliyochoka hutoka mwilini na kushuka kwenye chombo cha kuipokea. Pampu huisukuma kupitia pafu la bandia, ambalo ndani yake mna maelfu ya vijirija vyembamba kama nywele. Damu hupita upande mmja wa kuta za vijirija hivyo, na mchanganyiko wa hewa na oksijeni hupita upande wa pili. Oksijeni huingia katika damu, hewa ukaa hutoka, na damu iliyosafika hurudishwa mwilini. Moyo, ukiwa umetulizwa kwa maji maalumu yenye madini ya potasiamu, hukaa kimya ili daktari azibe tundu au abadilishe valvu.

Mara ya kwanza mashine ya aina hii ilipofanikiwa kumfanyia mtu kazi yote ya moyo na mapafu ilikuwa tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, Marekani. Daktari John Gibbon alimziba tundu la moyo msichana wa miaka 18, ambaye kwa dakika 26 maisha yake yalitegemea mashine peke yake.

Anayeiendesha mashine hii si daktari mpasuaji. Ni mtaalamu aliyesomea kazi hiyo, ambaye huketi nyuma ya mashine kwa saa nyingi bila kuondoka. Familia humshukuru mpasuaji, na ni haki yake. Lakini huyu wa pembeni ndiye aliyekuwa akimpumulia mgonjwa.

Hewa ukaa ni taka, tena ni kipimo

Mwili wa mtu mzima aliyetulia huzalisha takriban mililita 200 za hewa ukaa kila dakika. Ikibaki mwilini, damu huwa na asidi, na moyo na viungo vingine huanza kushindwa kazi. Kwa maana hiyo ni taka, na taka hutolewa.

Lakini Muumba ameifanya taka hiyo kuwa pia alama inayoongoza mwili. Mishipa ya damu ya ubongo huisikiliza. Hewa ukaa ikizidi, mishipa hiyo hutanuka na damu nyingi hukimbilia ubongoni. Ikipungua, mishipa hujibana na damu inayofika ubongoni hupungua. Ndiyo maana mtu mwenye hofu akipumua harakaharaka huona kizunguzungu na vidole kufa ganzi: hakukosa oksijeni, bali ameitoa hewa ukaa kupita kiasi.

Kiwango cha kawaida cha hewa ukaa katika damu ya ateri ni kati ya milimita 35 na 45 za zebaki. Kila milimita moja inapopungua, damu inayokwenda ubongoni hupungua kwa kadiri ya asilimia tatu hivi. Ikishuka kutoka 40 hadi 20, mtiririko wa damu ubongoni huweza kubaki karibu nusu tu.

Hapa inafaa kuondoa utata mmoja. Hewa inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hasa katika usiku wa baridi wa Juni na Julai hapa Dodoma, si hii tunayoizungumzia. Ile ni kabonimonoksaidi, sumu inayoshika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Majina yanakaribiana, lakini mambo ni mawili tofauti. Hewa ukaa ya makala hii kila mmoja wetu anaitoa kwa kila pumzi.

Rangi ya damu hudanganya

Sasa tufike kwenye kiini. Mtu anapopumua mwenyewe, ubongo hupima hewa ukaa na kuongeza au kupunguza pumzi bila yeye kujua. Mgonjwa aliyelazwa usingizi na kuunganishwa na mashine hana mlinzi huyo tena. Ubongo wake ukitaka pumzi zaidi, mapafu yake hayatekelezi, kwa kuwa damu haipiti humo. Mashine nayo haifanyi ila ilivyoamriwa.

Pafu la bandia lina amri mbili. Ya kwanza ni kiasi cha oksijeni katika hewa inayopitishwa. Hiyo ndiyo hasa inayoamua oksijeni ya damu. Ya pili ni kasi ya hewa yenyewe kupita kwenye vijirija. Hiyo ndiyo inayoamua hewa ukaa. Kasi ikiwa kubwa, hewa ukaa hufagiliwa na kutoka. Kasi ikiwa ndogo, hubaki na kujikusanya.

Mtu anayeitazama damu inayotoka kwenye mashine huona rangi yake. Damu yenye oksijeni ni nyekundu ya kung'aa. Isiyo na oksijeni ya kutosha ni nyekundu ya kiza. Lakini rangi haisemi lolote kuhusu hewa ukaa. Kasi ya hewa ikizidi, damu itaendelea kung'aa vizuri kabisa huku hewa ukaa ikifagiliwa na mishipa ya ubongo ikijibana. Damu nzuri itakuwepo, lakini sehemu yake ndogo tu ndiyo itakayofika ubongoni. Na kasi ikipungua mno, damu bado inaweza kuwa nyekundu huku asidi ikipanda.

Vyombo vingine alivyozoea mtaalamu wa usingizi navyo hunyamaza wakati huo. Kile kinachopima hewa ukaa kwenye pumzi ya mgonjwa hakina cha kupima, kwa kuwa damu haipiti mapafuni. Kile kinachobanwa kidoleni hutegemea mapigo ya damu, na pampu nyingi huisukuma damu bila mapigo ya kueleweka. Njia ya uhakika iliyobaki ni moja: kuipima damu yenyewe.

Hilo hufanyika kwa namna kadhaa. Iliyo ya msingi ni kuchota damu kidogo kila baada ya muda, kwa kawaida kila nusu saa hivi na kila hali inapobadilika, na kuitia kwenye mashine ya gesi ya damu ambayo hutoa jibu katika dakika chache. Hospitali zenye uwezo zaidi huweka pia kihisio kwenye mrija wenyewe, kikisoma hewa ukaa, oksijeni na asidi bila kukatika. Wengine hupima hewa inayotoka kwenye tundu la kutolea la pafu la bandia. Vihisio hivi havifuti kazi ya kuchota sampuli, kwa kuwa navyo huhitaji kulinganishwa na kurekebishwa. Lakini huonya mapema, kabla nusu saa haijapita.

Funzo la Copenhagen

Kwamba hewa ukaa lazima ipimwe, haikujulikana bila gharama. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulikumbwa na mlipuko mkubwa wa polio. Wagonjwa wengi, wakiwemo watoto, walipooza misuli ya kupumua. Walipewa oksijeni, ngozi zao zikaonekana nyekundu, na bado walikufa. Vipimo vya damu vilionyesha kitu ambacho madaktari walikitafsiri kinyume: walidhani damu imekosa asidi. Mtaalamu wa usingizi Bjørn Ibsen aliwaambia kwamba wagonjwa hawa wanazama katika hewa ukaa yao wenyewe. Akaonyesha kwamba mgonjwa akisukumiwa hewa kwa mfuko wa mkono, kupitia tundu kwenye koo, hewa ukaa hutoka naye hupata nafuu. Wanafunzi wapatao 1,500 wakapokezana zamu usiku na mchana kuibana mifuko hiyo, na vifo vikapungua sana.

Baada ya msiba huo watafiti walitafuta njia ya kupima hewa ukaa moja kwa moja na kwa haraka. Mwaka 1954 Richard Stow wa Marekani alibuni kihisio chake. John Severinghaus akakiboresha, na kufikia mwaka 1958 yeye na msaidizi wake walikuwa wamekiunganisha na kihisio cha oksijeni cha Leland Clark na kile cha asidi katika chombo kimoja. Mashine za gesi ya damu zilizomo katika hospitali zetu leo ni vizazi vya chombo hicho.

Baridi, na mfano wa chupa ya soda

Mara nyingi wakati wa upasuaji mwili wa mgonjwa hupozwa, ili mahitaji yake ya oksijeni yapungue. Lakini baridi hubadili hesabu ya hewa ukaa. Kila aliyefungua soda anajua: iliyotoka kwenye jokofu hutulia na gesi yake, iliyokaa juani hufoka. Kimiminika cha baridi huishikilia gesi zaidi. Damu nayo ni hivyo. Ikipozwa, hewa ukaa iliyoyeyuka humo hutulia, na msukumo wake hushuka, ingawa kiasi chenyewe hakijabadilika.

Mashine ya gesi ya damu hupasha sampuli hadi nyuzijoto 37 kabla ya kuipima. Basi ikiwa mgonjwa yuko nyuzi 28, namba inayosomwa ni ya damu iliyopashwa, si ya damu iliyo mwilini. Zipo njia mbili za kuliamua hilo. Ya kwanza huikubali namba ya nyuzi 37 kama ilivyo na kuiweka karibu na 40. Ya pili hurekebisha namba kulingana na baridi ya mgonjwa, kisha huongeza hewa ukaa ili ifikie kiwango hichohicho. Kwa watu wazima wataalamu wengi hufuata ya kwanza, kwa kuwa huuachia ubongo uwezo wake wa kujipimia damu. Kwa watoto wadogo wanaopozwa sana, wengi hupendelea ya pili, kwa kuwa mishipa ya ubongo hutanuka na ubongo hupoa kwa usawa zaidi. Linalohitajika ni timu nzima kujua mapema wanafuata ipi, kwa kuwa namba moja ina maana mbili.

Mgonjwa anapopashwa tena, hatari hugeuka upande wa pili. Mwili unaamka, unazalisha hewa ukaa zaidi, na kasi iliyotosha wakati wa baridi haitoshi tena. Hiyo ni saa ya vipimo vya karibukaribu.

Dodoma si Dar es Salaam

Lipo jambo moja linaloihusu Dodoma mahususi. Mji wetu upo mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari. Akina mama waliohamia hapa kutoka pwani hujua kwamba maharage huchelewa kuiva: maji huchemka karibu nyuzi 96, si 100, kwa kuwa mgandamizo wa hewa ni mdogo. Pwani mgandamizo ni takriban milimita 760 za zebaki. Hapa ni karibu 665, pungufu ya sehemu moja kati ya nane.

Chombo kinachosoma hewa ukaa kwa asilimia kikionyesha 5.6 jijini Dar es Salaam, maana yake ni karibu milimita 40. Kikionyesha 5.6 hiyohiyo Dodoma, maana yake ni kati ya 34 na 35 tu. Namba ni moja, hali ni mbili. Kwa sababu hiyo vyombo vya kupimia gesi ya damu huwa na kipimo cha mgandamizo wa hewa ndani yake, na mafundi wa vifaa tiba hupaswa kuhakikisha kwamba kimesawazishwa kwa mahali kilipo. Chombo kikinunuliwa, kikisawazishwa pwani, kisha kikapandishwa uwandani bila kurekebishwa, kinaweza kusema uongo kwa sauti ya ukweli. Hilo ni kweli kwa chumba cha upasuaji na kwa wodi ya uangalizi maalumu pia.

Hewa ileile, mara hii kwa makusudi

Ajabu ni kwamba wapasuaji wengi huimwaga hewa ukaa ndani ya kifua kilichofunguliwa kwa makusudi. Hewa ya kawaida ikibaki ndani ya moyo, mapovu yake huweza kupanda ubongoni na kuleta kiharusi. Hewa ukaa ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama na kuifukuza. Tena huyeyuka katika damu kwa urahisi zaidi ya mara 20 kuliko oksijeni, kwa hiyo povu lake hutoweka upesi. Lakini sehemu ya hewa hiyo hunyonywa pamoja na damu na kuingia kwenye mashine, na kiwango hupanda. Mwenye mashine asiyepima hatajua. Anayepima huongeza kasi ya hewa na kuirejesha mahali pake. Ndivyo inavyokuwa katika kazi hii: kila msaada una malipo yake, na kipimo ndicho kinachoyaonyesha.

Heparini, na swali la Mwislamu

Damu haiwezi kupita kwenye mashine bila dawa ya kuizuia isigande. Dawa itumikayo ni heparini, na sehemu kubwa ya heparini ya kisasa hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Baadhi ya valvu za bandia nazo hutokana na mnyama huyo. Nyingine ni za ng'ombe, na nyingine ni za madini. Familia za Kiislamu zina haki ya kulijua hilo. Wanavyuoni na mabaraza ya fiqhi ya wakati wetu wamelijadili suala hili, na rai inayofuatwa na wengi ni kwamba dawa hiyo hutumika pale ambapo hakuna mbadala wa halali unaofaa, kwa kuwa kuhifadhi uhai ni katika makusudio ya sheria. Kwenye valvu mara nyingi pana nafasi ya kuchagua. Anayetaka kutulizana moyo amuulize daktari mapema ni vitu gani vitatumika, kisha amuulize shekhe wake akiwa na majibu hayo mkononi. Hilo lifanyike wiki kadhaa kabla, si usiku wa kuamkia upasuaji.

Yaliyo mikononi mwa familia

Mzazi hawezi kuendesha mashine, lakini anaweza kuuliza kwa adabu, na wataalamu wema hufurahi kuulizwa. Nani atakuwa kwenye mashine ya moyo na mapafu? Gesi ya damu itapimwa kila baada ya muda gani, na mashine ya kuipima ipo karibu na chumba? Mtoto atapozwa kiasi gani? Baada ya upasuaji, nani atatupa habari, na saa ngapi? Maswali haya hayamvunjii daktari heshima. Ridhaa bila ufahamu ni saini tu.

La pili ni kuchangia damu. Upasuaji huu huhitaji damu ya akiba, na mara nyingi huahirishwa kwa kukosekana kwake. Jamaa na majirani waliokusanyika kumwombea mgonjwa dua msikitini wanaweza pia kwenda pamoja kuchangia.

La tatu, na kubwa kuliko yote, ni kuzuia. Mtoto wa kati ya miaka 5 na 15 anayeumwa koo akiwa na homa apelekwe kituo cha afya; asitibiwe kwa maji ya chumvi na kuachwa. Aliyekwisha kupata homa ya rumatiki huandikiwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Sindano hizo zinauma, na safari ya zahanati ni ndefu kwa watu wa Kongwa au Chemba, lakini kila moja inayorukwa ni hatari kwa valvu za moyo. Mtoto anayechoka upesi kuliko wenzake, anayekohoa mara kwa mara bila kupona, anayetoka jasho akinyonya au midomo yake kugeuka bluu, apimwe moyo. Kasoro iliyogunduliwa mapema hutibika kwa urahisi zaidi.

Na kwa mzazi ambaye wakati huu amekaa kwenye benchi, tasbihi mkononi, macho kwenye mlango uliofungwa: moyo wa mwanao ukiwa umetulia, damu yake haijatulia. Yuko mtu anayeipokea, anayeipa hewa na kuirudisha, na ambaye kila baada ya muda huchota matone machache na kuuliza namba, kwa sababu amefundishwa asiridhike na wekundu wake tu. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awalipe kheri wanaowahudumia. Amin.